Pini Iliyoachwa Hewani

Likizo ndefu iliyopita niliteremka Kasanga na kidude changu ndani ya begi la madaftari. Kutoka Mbeya unapita Tunduma, Sumbawanga, Matai, halafu unashuka mpaka ziwani, na njia nzima nilikipakata kama trei ya mayai. Arduino Uno moja, rilei na swichi ya boya. Simtanki la mama likipungua, pampu ya sola ivute maji ya Tanganyika, likijaa, izime. Maabara hakikunikosea hata mara moja. Nilishajiona injinia.

Siku ya tatu tulikwenda msibani. Kurudi, tanki linamwaga, na maji yameteremka mpaka kwenye dagaa wa jirani, walioanikwa juu ya nyavu tangu asubuhi. Kazi ya usiku mzima wa watu ziwani, yote kwenye tope. Nikamwamkia bibi wa watu. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hicho kidude kinamsikiliza nani?"

Kusema kweli, kilikuwa hakimsikilizi mtu.

Niliandika pinMode(2, INPUT) nikaishia hapo. Swichi ikijifunga, pini inaunganishwa na graundi, inasoma LOW: washa pampu. Sasa ikifunguka? Nilidhani itasoma HIGH yenyewe. Wapi! Pini ya kuingiza ambayo haijaunganishwa na kitu haina sifuri wala moja. Inaelea, na kelele kidogo tu ya umeme inaisukuma popote. Maabara waya ulikuwa shubiri moja, nikabahatisha. Nyumbani ulikuwa mita 15, umelala sambamba na waya wa pampu. Hiyo ni antena, ndugu zangu. Tanki limejaa, rilei inagonga ta-ta-ta, pampu inazima na kuwaka mchana kutwa.

Dawa ni neno moja: INPUT_PULLUP. Ndani ya chipu ya ATmega328P kila pini ina rezista ya kiloomu 20 hadi 50 inayoivuta kwenye volti 5. Kwenye rejista, biti ya DDR inakuwa 0 na ya PORT inakuwa 1, basi. Kwa waya mrefu vile rezista hiyo ni dhaifu, nikaongeza ya nje, kiloomu 4.7. Nikarekebisha na upande wa kutoa, maana rilei yangu huwaka kwa LOW: unaandika HIGH kwanza, ndipo unaitangaza pini kuwa OUTPUT, la sivyo pampu inashtuka kila unapowasha.

Faida niliyoipenda zaidi ni kwamba waya ukikatika pini inasoma HIGH, pampu inazima. Kwa mbuzi wa mtaani kwetu hilo si jambo dogo.

Dagaa nililipa kwa vijisenti vya bumu nilivyobakiza. Bibi alichukua nusu, nusu akanirudishia, akisema mwanafunzi naye anakula. Nikamwita aone. Pampu inavuta, nikachomoa waya mbele yake, kimya.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona."

Akazikunja nyavu zake, akaenda kuzitandaza upande wa pili wa nyumba, kule juu.