Nilimdharau Deiwaka Mwenzangu

Kama umewahi kukaa kituoni tangu saa kumi alfajiri ukiomba mtu mwingine achelewe ndipo wewe ule, utanielewa haraka. Mwaka 1999 mimi nilikuwa deiwaka wa daladala pale Manzese. Konda mwenyewe akiumwa au akienda msibani, dereva ananiita nashika mlango. Akija, nashinda kijiweni nikipiga stori na wapiga debe, jioni narudi kwa dada mikono mitupu. Mchumba wangu naye kila siku swali lile lile: "Hivi wewe utapata kazi ya kudumu lini?"

Raha yangu ilikuwa moja tu, Manchester United. Na mwaka ule walitesa, nakwambia! Washambuliaji wanne wa nguvu: Dwight Yorke, Andy Cole, Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær. Nafasi uwanjani mbili. Mimi nilikuwa nawashangilia Yorke na Cole. Wale wengine niliwaona wa kujazia basi tu.

Sasa angalia mambo yalivyokwenda. Tarehe 16 Mei wanahitaji ushindi dhidi ya Tottenham ili wachukue ligi. Siku hiyo Cole ndiye aliyeanzia benchi. Akaingia kipindi cha pili, dakika chache tu akafunga bao la ushindi, 2-1. Tarehe 22, fainali ya Kombe la FA na Newcastle, nahodha Roy Keane anaumia mapema kabisa. Anaingia Sheringham, hata hajatoka jasho anatikisa wavu. Wakashinda 2-0. Makombe mawili, na mara zote mbili benchi limefunga. Mimi bado sijashtuka!

Ikaja Jumatano ya tarehe 26, fainali ya Ulaya, Barcelona, dhidi ya Bayern Munich. Keane na Paul Scholes hawapo kwa sababu ya kadi. Nilikuwa kwenye baa moja yenye dishi, nimebanwa kama samaki kwenye tenga. Dakika ya sita tu Mario Basler akapiga faulo, bao. Tukasubiri, wapi! Akaingia Sheringham, kimya. Dakika ya 81 akaingia Solskjær na ule uso wake wa kitoto. Nikasema kwa sauti, baa nzima ikasikia: "Ah, huyu si deiwaka tu, ataleta nini?"

Washikaji wakacheka. Walinicheka mimi, maana walijua kazi yangu.

Dakika ya 90 ilipofika nikaondoka, nina kituo alfajiri. Sijafika hata barabarani nikasikia kelele. Nikadhani ugomvi. Zikaja kelele za pili, viti vinaanguka. Nikarudi mbio, nikakuta watu wazima wanalia. Kona mbili za David Beckham, Sheringham kasawazisha, Solskjær kamaliza. Makombe matatu kwa siku kumi na moja. Niliambiwa baadaye kwamba hata rais wa UEFA, Lennart Johansson, hakuyaona mabao yale. Alishateremka kwenda kukabidhi kombe.

Alfajiri, konda wetu hakutokea. Alikesha akisherehekea. Dereva akaniita. Nikajiona Solskjær!

Thubutu. Mpaka saa nne nimeshachanganya chenji mara tatu, wanafunzi wamenizidi ujanja, na jioni hesabu ya tajiri haikutimia. Dereva aliniuliza bila hata kufoka: "Mdogo wangu, miezi yote hii hapo kijiweni ulikuwa unaangalia nini?" Sikuwa na jibu.

Baadaye ndipo nikajua kwamba Solskjær alipokaa benchi alikuwa anawasoma mabeki, nani mzito, nani anachoka. Februari mwaka ule ule aliingia mechi ikielekea mwisho dhidi ya Nottingham Forest, akafunga mabao manne peke yake, 8-1. Kumbe kikosi kipana si kuwa na watu wengi wamekaa. Ni wale waliokaa kuwa kazini.

Basi nikaanza kuangalia. Kituo gani kinajaa saa ngapi, abiria gani anashuka bila kulipa, konda mzoefu anapangaje noti vidoleni. Siku nyingine nilipoitwa, hesabu ilitimia na ya chai ikabaki. Dereva akanipa Jumatano na Jumapili ziwe zangu. Konda alinuna wiki mbili, kisha akagundua kwamba kupumzika ni kutamu.

Na mchumba? Huyo hakusubiri dakika za majeruhi. Alishapata mwenye namba ya kudumu. Watu wananiambia nimlaumu, lakini nitaanzia wapi? Mimi mwenyewe niliondoka dakika ya 90.