Litumbandyosi: jengo la utamaduni hakuna, ratiba ya mtoto ipo

Mzazi wa Dar es Salaam akitaka kumtoa mtoto nyumbani Jumamosi, anafungua simu. Anaangalia kama Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, pale Mtaa wa Shaaban Robert, wana onyesho. Anaangalia Nafasi Art Space kule Mikocheni kama kuna filamu au usiku wa mashairi. Kinachobaki ni nauli.

Mzazi wa Litumbandyosi, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, naye ana simu, na matangazo hayo yanamfikia vilevile. Ila kutoka kwake hadi Dar es Salaam ni safari ya kulala njiani. Kwake yanabaki picha za kutazama na kupitisha kidole.

Kijijini, ukiuliza kituo cha utamaduni kiko wapi, watu wataangaliana. Jengo lenye jina hilo halipo. Kuna uwanja wa shule, kanisa, ofisi ya kata, zahanati na kibanda chenye televisheni. Lakini ukivihesabu vyote pamoja, filamu ipo, igizo lipo, shairi lipo na mhadhara upo, tena tarehe nyingi zinajulikana mwaka mzima kabla. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma ratiba hiyo kwa niaba ya mtoto. Mtu huyo ni wewe, baba au mama.

Mimi huandika habari za afya, na safari zangu za vijijini huanzia kliniki. Ukitokea Songea unashika lami ya kwenda Mbinga, mwendo wa kama kilomita 100. Pale Kitai barabara ya kwenda Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, inaachana na ile ya Mbinga. Upande huo ndiko yanakochimbwa makaa ya mawe ya Ngaka, na malori yake huyaona kabla hujaona kijiji. Kuingia vijijini zaidi, bodaboda ndiyo humaliza safari. Mara nyingi nimefika kuuliza habari za mizani na chanjo, nikakuta jambo lililowakusanya kina mama siku hiyo si bango la wizara ukutani, bali watoto wa shule waliokuwa wakiigiza nje.

Ukumbi wa miezi sita

Ruvuma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Ukumbi ukiwa ni uwanja wa wazi, maana yake hufungwa nusu mwaka na kufunguliwa nusu mwaka. Kuanzia Mei ardhi inakauka, kahawa ya milimani kwa Wamatengo inaanza kuvunwa, na ngoma nazo zinatoka.

Mganda ndiyo inayovuta watoto zaidi. Ni ngoma ya wanaume, na asili yake ni vijana waliotumikia majeshi ya wakoloni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakarudi makwao na kuligeuza gwaride kuwa mchezo. Ndiyo maana utaona mistari iliyonyooka, vyeo kama vya jeshini, ngoma kubwa na vibuyu vinavyopulizwa kama tarumbeta. Kina mama wana kioda yao. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, ndugu yake mganda huitwa malipenga.

Mweleze mtoto hayo kabla hamjatoka nyumbani. Mwambie pia kwamba vita hiyo ilipiga hodi jirani kabisa: Agosti 1914, pale Liuli, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Mtoto anayejua hivyo hatatazama tu miguu ya wachezaji. Atajua anatazama babu zake walichokifanya na amri walizopewa na wengine.

Ngoma ikichelewa hadi usiku, kumbuka kwamba mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku. Mvalishe mtoto nguo ndefu, mrudishe mapema, na alale ndani ya chandarua kama siku nyingine.

Sinema: nani amechagua?

Filamu haikosekani kijijini. Iko kwenye kibanda umiza, chumba chenye benchi, televisheni na giza. Mchana ni mpira, jioni ni filamu za mapigano zilizotafsiriwa na msimulizi mwenye maneno mengi. Watu wazima wanalipia na kucheka. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza mtoto wa miaka tisa anatazama nini saa mbili usiku.

Kutumia filamu kufundisha afya si jambo geni nchini. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu za majaribio na kuzizungusha kwa magari Afrika Mashariki. Mojawapo ilihusu safura, ugonjwa unaoletwa na minyoo. Zilitengenezwa kwa macho ya mtawala, lakini walikuwa wametambua kwamba mtu akiuona ugonjwa kwenye picha huuliza maswali.

Leo tunazo filamu zetu. *Chumo* ya 2011 inazungumzia malaria kwa mjamzito, kwa hadithi ya mapenzi na si kwa hotuba. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na inafaa vijana wakubwa wakiwa na mzazi. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, limekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kazi nyingi za Kiswahili hupita huko kwanza. Fuatilia majina hayo, kisha mwombe mwenye kibanda aweke filamu ya watoto Jumamosi mchana. Yeye ni mfanyabiashara. Wazazi kumi wakiahidi kuleta watoto, atasikiliza.

Na hapa naomba msamaha kwa kuingiza kliniki kwenye sinema. Chumba kilichojaa watu, bila madirisha, ni mahali pazuri pa kuenea kifua kikuu. Omba mlango na madirisha viachwe wazi. Mtoto au mtu mzima anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kupimwa, asiende kwenye benchi.

Igizo: mwisho umebadilika

Kuna igizo ambalo karibu kila mzazi aliyesoma Tanzania amewahi kuliona. Msichana anadanganywa kwa zawadi, anapata mimba, mwalimu mkuu anamfukuza, baba anamtupia nguo nje, pazia linafungwa. Tumelicheza sisi, wanalicheza watoto wetu.

Igizo hilo lina historia ndefu. Miaka ya 1980 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walikwenda vijijini kutengeneza maigizo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao wenyewe. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme, ambao yeye na Amandina Lihamba waliusimamia, ili wasichana wa sekondari wataje wenyewe kinachowakwamisha shuleni na wakiigize mbele ya walimu na wazazi.

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi shuleni. Kwa hiyo lile igizo la zamani sasa linamwongopea mtoto. Linamwambia kwamba akikosea mlango umefungwa, na msichana anayeamini hivyo huficha mimba. Anayeficha mimba huchelewa kliniki, na mimba ya msichana mdogo ndiyo isiyotakiwa kabisa kuchelewa kliniki.

Basi siku ya igizo nenda, mama na baba wote. Likiisha, muulize binti na muulize na kijana wa kiume: ungekuwa wewe, ungemalizaje? Aliyempa mimba yuko wapi kwenye hadithi? Ukiona igizo bado linaishia kwa kufukuzwa, zungumza na mwalimu kwa upole. Watoto wana uwezo wa kutunga mwisho mpya kwa wiki moja.

Ngonjera si ya kukariri tu

Ushairi kijijini huja na wageni. Akija mkuu wa wilaya, wanafunzi wanasimama wawili wawili na kutoa ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki 1969, ndiye aliyeipa fani hii nguvu mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967, kupitia chama cha UKUTA. Muundo wake ni wa mabishano: mmoja hajui au hakubali, mwingine anaeleza, mwishoni wanaelewana.

Hapo mzazi ana kazi nyepesi. Mtoto akija nyumbani na ngonjera ya kunawa mikono au ya malaria, mwambie akusomee, wewe ushike upande wa anayebisha. Bisha kwelikweli. Muulize sabuni inatoka wapi kama hela hakuna, au chandarua kinaleta joto, tufanyeje. Akishindwa kujibu, nendeni mkaulize zahanati. Hivyo beti alizokariri zinageuka kuwa elimu ya nyumba nzima.

Mhadhara wenye mizani

Mihadhara ya mjini ina viti na kipaza sauti. Ya Litumbandyosi ina mizani ya kupimia watoto na sufuria ya uji. Ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo kwa utaratibu wa serikali hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Watoto hupimwa, wazazi huelezwa hali zao, na mara nyingine chakula hupikwa hapohapo.

Huu ndio mhadhara ambao ningeomba usiukose hata ukikosa mengine yote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Ruvuma iko juu ya wastani huo. Huu ni mkoa unaolisha wengine kwa mahindi. Hivyo tatizo si tumbo tupu peke yake, ni tumbo lililojaa chakula cha aina moja. Maharage ya Mbinga yapo, usipa wa Ziwa Nyasa wanafika gulioni, mboga za majani ziko shambani. Uji wa mahindi matupu ukiongezewa hivyo, hata kwa kiasi kidogo, unakuwa chakula kingine kabisa kwa mtoto aliyetimiza miezi sita.

Kina baba mnisikie: mhadhara huu si wa wanawake. Anayeamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki ndiye anayepaswa kusikia mtoto ana kilo ngapi.

Tarehe za kuweka kwenye simu

Februari 27, Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, hukumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kuna historia, kuna ngoma, na mtoto wa darasa la nne kwenda juu ataelewa. Ni wakati wa mvua, beba mwavuli.

Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyoanza kuadhimishwa 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa 1976. Shule nyingi hutoa maigizo na ngonjera siku hiyo. Juni huohuo, na tena Desemba, ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto: matone ya vitamini A kwa wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwombe mwalimu iwe siku ya watoto kusoma mashairi waliyotunga wenyewe. Agosti 1 hadi 7 ni wiki ya unyonyeshaji, na Desemba 1 ni Siku ya Ukimwi.

Ratiba ya michezo na sanaa za shule za msingi, UMITASHUMTA, ataijua mwalimu wa michezo. Siku ya afya na lishe ataijua mhudumu wa afya wa kijiji. Mambo ya ngoma na matamasha ya wilaya, kila halmashauri ina afisa utamaduni, na kazi yake ni pamoja na kujibu swali lako.

Waulize hao watatu wiki hii. Andika tarehe, kisha mwambie mtoto mapema ili aisubiri siku yake.