Mawe yanalipa nini?



Jumamosi tuliwapeleka wanafunzi wa sekondari kwenye milima ya Franklin, hapahapa El Paso, Texas. Wengi wana asili ya Meksiko. Nikamuuliza binti mmoja kama angependa kusoma jiolojia. Akacheka: "Mwalimu, nyumbani wanajua nesi na daktari tu. Mawe yanalipa nini?" Nikakosa jibu, maana hata mimi kwetu Moro nilidhani jiografia ni kukariri tu.

Basi tukampa dira, lenzi na daftari. Akapima tabaka za mwamba zilivyolala, akachora. Nikamwambia mwaka 2002 mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, aligundua nyayo za dinosauri mlima Cristo Rey, pale mpakani.

"Mwanafunzi?"

Ndiyo, mwanafunzi!

Jumatatu akanifuata. Mama yake ameuliza kama kazi hiyo ipo kweli. Nikamwambia sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka ardhini, na wanaoyapima ni wanajiolojia. Jumamosi ijayo aje na mama, amwonyeshe mwenyewe daftari lake.

Haya, walimu wenzangu mnasemaje?