Mlima Sekenke na swali la ‘tumefika?’

Basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri linapopita Misigiri jioni, simu nyingi ndani yake zimeshaisha chaji. Abiria wamesinzia, vichwa wameviegemeza kwenye vioo. Siti za nyuma, mtoto anauliza kwa mara nyingine: “Mama, tumefika?”

Bado. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na mbele yao kuna Mlima Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida. Hapo barabara inateremka kwa kona hadi Shelui, kisha inashika tambarare ya Wembere kuelekea Igunga na Nzega. Enzi za barabara ya vumbi, mlima huu uliogopwa na madereva. Lami imepunguza hofu, lakini malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo bado yanapanda na kushuka taratibu, na moja likiharibika kwenye kona, walio nyuma husubiri.

Kwa mzazi mwenye watoto, hapa ndipo penye mtihani. Mtoto amechoka, ana joto, na analia. Abiria wa siti ya mbele anageuka kutazama. Mzazi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: simu au chupa ya dawa.

Tuanze na dawa, maana ndiyo ya hatari zaidi. Wapo wazazi wanaompa mtoto dawa ya maji ya mafua au ya mzio ili tu alale njia nzima. Baadhi ya dawa hizo huleta usingizi kweli, lakini usingizi huo si burudani. Kama kwenye chupa imeandikwa promethazine, dawa hiyo haitakiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi kuhatarisha maisha. Na ndani ya basi lenye giza, aliyelala na anayeshindwa kupumua ni vigumu kuwatofautisha. Watoto wengine dawa hizo huwafanyia kinyume: badala ya kulala, wanazidi kuhangaika. Dawa yoyote ya safari ipangwe na daktari au mfamasia kabla ya siku ya kuondoka.

Simu nayo ina wakati wake. Kwenye barabara iliyonyooka, katuni haina neno. Kwenye kona za Sekenke ni jambo jingine. Macho yakiwa kwenye kioo cha simu huuambia ubongo kwamba mwili umetulia, wakati sehemu ya ndani ya sikio inayolinda mizani inasema mwili unayumba. Mgongano huo ndio huzaa kichefuchefu, na watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio huathirika zaidi.

Kinga yake ipo dirishani. Mtoto atazame mbali, upeo wa macho, ahisi hewa bila kutoa kichwa wala mkono nje. Na Sekenke ina cha kutazama: ukishuka, tambarare ya Wembere inafunguka chini yako, pana, jua likizama mbele ya basi. Hesabuni malori yanayopanda. Tegeaneni vitendawili; mtoto aliyesinzia huamka akisikia “Kitendawili!” na kujibu “Tega!”

Au msimulie habari ya mahali penyewe. Pembeni ya barabara hii, pasipoonekana kutoka kwenye basi, Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walitengeneza Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zikiwa na picha ya tembo. Muulize mtoto: wewe ungechora mnyama gani? Swali hilo linaweza kuwafikisha Shelui.

Mengine ni maandalizi. Chakula kiwe chepesi, maji yawepo, na mfuko wa kutapikia uwe karibu, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyetapika apewe maji kidogokidogo. Akitapika mfululizo, akilegea au akikosa mkojo kwa saa nyingi, mzazi ashuke mji unaofuata na kutafuta kituo cha afya. Basi likisimama watu wachimbe dawa, mtoto naye ashuke akiwa ameshikwa mkono, anyooshe miguu mbali na lami.

Usiku ukiingia, Sekenke imebaki nyuma na barabara imenyooka. Mtoto aliyehesabu malori hadi akachanganya namba analala mwenyewe, kichwa kwenye paja la mama. Usingizi huo hauhitaji chupa.