Kisahani Juu ya Mabati

Mwezi jana binamu yetu alifunga kisahani cha Starlink juu ya mabati ya duka lake pale Keroka. Kakangu, aliyestaafu jeshini, alikitazama kwa muda, mikono mfukoni, kisha akasema, "Kumbe ni kitu kidogo hivi."

Nilijua mawazo yake yako wapi.

Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF huko El Adde, Somalia. Yeye alikuwa kambi nyingine, lakini sisi huku Nyamira tungejuaje? Kwetu Somalia ilikuwa Somalia tu. Mama (Kikisii tunamwita baba, wageni huchanganyikiwa) aliacha chai bila kuchumwa, akawa anapanda ukingo wa Manga ambako netiweki inashika. Anapiga. Mteja hapatikani. Siku nne. Jioni akishuka hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimtazama miguu tu, anavyoiburuta. Siku ya tano simu ikalia. Kakangu aliongea kama sekunde ishirini, na mama akaketi papo hapo kwenye matope.

Kuna nyumba ambazo simu haikulia.

Setilaiti za zamani za mawasiliano huning'inia kilomita 36,000 juu, na sauti inafika imechelewa. Hizi mpya, ndogo, zinapita kilomita mia kadhaa tu, maelfu yake. Moja ikizama nyingine inachomoza. Mlingoti wa simu ukilipuliwa, kijiji kizima kinanyamaza. Setilaiti moja ikiharibika, hata hutajua. Ndiyo maana tangu 2022 wanajeshi wa Ukraine wamebeba visahani kama hiki hadi mahandakini.

"Sawa," nikamwambia, "lakini swichi iko kwa nani?" Mwaka huohuo wa 2022 Elon Musk alikataa ombi la kuwasha huduma hadi Sevastopol, na mwenyewe alikiri. Mtu mmoja! Sisi tulipata Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, lakini hiyo ilikuwa ya kupiga picha za ardhi. Haikubeba simu ya mtu.

Kakangu hakunijibu. Alimwomba binamu neno la siri, akampigia mama kwa video.

"Uko wapi?" mama akauliza, uso wote kwenye kioo.

"Keroka."

"Sasa Keroka unapiga simu ya nini? Njoo nyumbani."