Nyota, papa na daftari la baba

Naomba radhi kwa kimya changu. Leo nina habari za bahari, ingawa kutoka hapa Lodwar hadi bahari ni zaidi ya kilomita 800, na mimi mwenyewe sijui kuogelea.

Yupo samaki anayeitwa papa shilingi huku Kenya, na potwe kule Mafia, Tanzania. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na tangu mwaka 2016 amewekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mgongoni na ubavuni ana madoa meupe, na kila mmoja ana mpangilio wake, kama alama zetu za vidole. Basi wazamiaji wa kujitolea, hata watalii, humpiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, wakaandika tarehe na mahali, kisha wakaituma kwa watafiti. Kazi inayobaki ni kujua: huyu ni mgeni, au ni yule wa mwaka jana?

Hapo ndipo sisi watu wa programu tunapoingia. Mwaka 1986 mwanaastronomia Edward Groth alitoa njia ya kulinganisha picha mbili za nyota. Chukua nyota tatu, chora pembetatu. Geuza picha, ikuze, ipunguze: umbo la pembetatu halibadiliki. Mwaka 2005 mwanafizikia wa anga Zaven Arzoumanian, mtengenezaji programu Jason Holmberg na mtafiti wa papa Brad Norman walitangaza kwamba njia hiyohiyo inafaa kwa madoa ya papa. Niliposoma hayo nilitoka nje usiku, nikatazama anga la Turkana, nikacheka peke yangu.

Jumamosi huwa nafundisha vijana programu kule Kakuma. Tukaijaribu. Tulimwaga maharagwe mezani, tukapiga picha kwa simu, tukaandika kodi fupi ya kutafuta pembetatu. Picha ya kutoka juu ilikubali, hata tulipoizungusha. Ya upande ilikataa. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, pembetatu imelala." Kweli kabisa, na ndiyo maana mzamiaji anatakiwa ampige papa picha akiwa sambamba naye. Tena kompyuta inapendekeza tu. Mwisho ni jicho la mtu linaloamua.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Baba yangu ni mvuvi Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Kwa miaka mingi amesema ngege wanapungua. Siku moja, na digrii yangu mfukoni, nilimuuliza, "Baba, una ushahidi gani?" Alinyamaza. Hakuwa nao, kwa sababu mimi niliyejua kazi ya takwimu sikuwahi kumpelekea hata daftari.

Nimempelekea. Lina safu nne: tarehe, mahali, nyavu, kilo. Yeye anasema, dada yangu mdogo anaandika. Ni miezi minne sasa, na bado siwezi kusema kama ngege wamepungua. Kule Mafia, utafiti wa mwaka 2015 uliotumia vifaa vya sauti ulionyesha kwamba papa wengi hubaki mle majini hata miezi ambayo watu hawawaoni. Kutoonekana si kutoweka. Hesabu inataka subira.

Mwezi uliopita nilikuta siku sita hazina maandishi. Nikauliza kulikoni.

"Hatukupata kitu, mwanangu. Tungeandika nini?"

"Sifuri, baba. Hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi."

Alifikiri kidogo, kisha akamwita dada, akamtajia zile siku moja moja, na mahali alipotega kila siku. Zote sita alikuwa anazikumbuka.