Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama mmoja wa Lamu, muuza mahamri, aliifahamu barabara maana ya methali hii mwaka 2015. Wakati huo mwanawe, mvuvi hodari hapo awali, alikuwa ametimiza mwaka wa sita akiwa mtumwa wa heroini, ile ambayo wakazi wa Pwani huiita unga.

Uraibu huu si mgeni katika mwambao wa Kenya. Tangu miaka ya 1980, unga umekuwa ukipenya katika miji ya Mombasa, Malindi na Lamu. Familia nyingi zimejaribu kila hila: kumfungia kijana chumbani, kumhamishia bara kwa jamaa, kumsomea dua. Mama huyu naye alijaribu yote hayo. Kijana akakaa wiki mbili bila kuvuta, kisha akarudi maskani kwa wenzake. Huo ndio wakati wa hatari kubwa zaidi, kwani mwili uliopumzika hauwezi tena kuhimili kiasi ulichokizoea, na kete moja yatosha kumzimisha mtu.

Tiba aliyoitafuta mama ilikuwa methadoni. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Malindi ikapata kliniki yake mwaka 2015. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, lakini utendaji wake ni tofauti. Nguvu za heroini huisha baada ya saa chache, na mtumiaji akashikwa na alosto: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Methadoni humezwa ikiwa ya maji, hutulia mwilini kwa muda wa siku nzima, na kiasi kikishapimwa sawasawa mgonjwa halewi wala hateseki. Dawa ya moto ni moto.

Hata hivyo, dawa hii ina sharti moja zito: hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Je, mtu wa Lamu angefanyaje ilhali Malindi iko umbali wa zaidi ya kilomita 200, ukianzia kwa mashua na kumalizia kwa basi, tena katika barabara iliyokuwa ikiandamwa na mashambulizi? Mama alikata shauri. Alimpangishia mwanawe chumba Malindi, akaongeza saa za kukaa jikoni ili kodi ipatikane. Baada ya ushauri nasaha na vipimo vya virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini, kijana akaanza tiba.

Majirani hawakumwachia mama nafasi ya kupumua. "Ameacha unga wa mtaani, sasa anakunywa wa serikali," walisema. Kiswahili chenyewe kiliwasaidia katika kejeli hiyo, maadamu neno dawa hubeba tiba na sumu kwa pamoja: kuna dawa ya malaria na kuna dawa za kulevya. Mama aliwajibu kwa upole, "Mwanangu sasa analala usiku na anakula mchana. Mimi hiyo naiita dawa."

Miezi saba ikapita salama. Sikukuu ya Idi ilipowadia, kijana alirejea nyumbani, akakaa siku tano. Aliporudi Malindi, wauguzi hawakuweza kumpa kiasi chake cha awali, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha kuisahau dawa na kiasi hicho kingeweza kumuua. Akaanza tena kwa kiasi kidogo, huku alosto ikimnyemelea na vishawishi vya unga vikimzunguka. Kosa lake lilikuwa kusalimia mamaye siku ya Idi.

Mwaka 2017 Kisauni, Mombasa, nayo ilipata kliniki. Waliokuwa wakiitamani Malindi kwa mbali wakaweza kunywa dawa asubuhi na kuwahi kazini. Lakini ukaribu nao wahitaji kulindwa. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za aina hii zilizotegemea ufadhili huo zilitikisika. Mgonjwa wa methadoni hawezi kungojea bajeti ya mwaka ujao. Hesabu yake ni ya siku moja moja.

Kwa hivyo, tunapouliza kama tiba ya uraibu ipo nchini, tumeuliza nusu ya swali tu. Nusu ya pili ni hii: ipo umbali gani kutoka mlangoni mwa mgonjwa? Nauli, kodi ya chumba na siku ya kazi iliyopotea ni sehemu ya dozi. Asiyeweza kuzilipa hajakataa tiba, hajafikiwa nayo.